Mama Akaniuliza, "Bila ya Kupanda Hazifiki?"

Waama, msomaji mpenzi, siku nilipowaambia watu wa baraza yetu hapa Kaloleni kwamba mimi, mtu wa miaka hamsini na ushei, nakwenda kuukwea mlima Kilimanjaro ili tuchangishe fedha za tangi la maji la skuli, walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Asiyecheka alikuwa mama mmoja mtu mzima, muuza mbaazi na mahamri. Alifungua fundo la leso yake, akatoa shilingi 200, akaniuliza: "Mwanangu, nikikupa hizi bila ya wewe kupanda, hazifiki?"

Sikuwa na jawabu siku ile. Nilizipokea, nikaandika jina lake daftarini, nikaondoka na lile swali.

Jambo lenyewe lina asili yake. Sisi watu wa Kenya tumelelewa kwa harambee. Skuli, zahanati na visima vingapi vimesimama kwa michango, na kila mara pana mgeni wa heshima, bahasha, na jina la mtoaji likasomwa kwa kipaza sauti! Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, Rais William Ruto alitangaza mwezi uliofuata kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Michango ya wakubwa haikukatika kwa tangazo hilo, kwani Novemba ya mwaka uo huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliamua kurudisha fedha alizotoa Rais mwenyewe katika kanisa moja la Soweto. Lakini kwa kamati ndogo kama yetu, mgeni wa heshima tuliyekuwa tukimtaraji alipata udhuru mzuri wa kutokuja. Ndipo rafiki yangu mwalimu akazua rai ya mlima.

Rai hiyo si ngeni. Mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita, Tanzania, ulianzisha msafara wa kuupanda Kilimanjaro kuchangisha fedha za kupambana na ukimwi. Machi 2009 waimbaji na watangazaji tisa mashuhuri wa Uingereza waliupanda, zikakusanywa zaidi ya pauni milioni 3 kwa ajili ya vita dhidi ya malaria. Msingi wake ni mmoja: watu hufungua mifuko wakimwona mwenzao anataabika.

Basi tukawa wanne: mwalimu, fundi cherehani, kijana wa bodaboda na mimi. Kwa miezi mitatu, tukishasali alfajiri, tulijitwika mifuko ya mchanga tukashuka na kupanda vilima vya njia ya Ribe. Kila Jumapili tulikwenda kwa miguu mpaka Rabai, tukarudi kwa matatu. Siku moja mkwezi aliyekuwa juu ya mnazi alituita: "Wazee, mwalipwa na nani kupanda huko?" Tukamwambia watu wametoa ahadi. Akasema: "Basi na mimi niandikeni. Tangu asubuhi huu ni wa kumi na mbili!"

Rabai hatukuichagua ovyo. Hapo ndipo alipoondokea Johannes Rebmann Aprili 1848, na tarehe 11 Mei akauona weupe wa kilele cha Kilimanjaro. Mabwana wa London, William Desborough Cooley mbele yao, hawakusadiki kwamba pana theluji karibu na ikweta. Aliyemwonyesha njia ni Mswahili, Bwana Kheri. Rebmann alipouliza weupe ule ni kitu gani, kiongozi wake alimjibu kwa neno letu hili la kila siku: baridi. Sifa ya safari ilikwenda Ulaya, na aliyeijua njia akabaki pembeni ya ukurasa.

Turudi kwenye hesabu, maana ndiko kwenye mwiba. Mlima ule haupandwi bure. Pana ada ya hifadhi, ingawa sisi wa Afrika Mashariki hutozwa kidogo kuliko wageni, tena pana kiongozi wa lazima, wapagazi, chakula na makoti ya kukodi. Fundi alitaka gharama zikatwe kwenye michango. Tulibishana tangu magharibi mpaka baada ya isha, na kauli iliyoshinda ni kwamba kila mtu ajigharimie. Mimi niliuza ng'ombe. Usiku ule nilipiga hesabu nikaona ng'ombe yule peke yake angelinunua tangi na chenji ikabaki. Na wallahi, msomaji, nisingelimuuza kwa ajili ya tangi. Nilimuuza kwa ajili ya mlima. Wanaojua maana ya riya wataelewa kwa nini usingizi uliniruka.

Ni kweli kwamba mlima ulivuta watu ambao ng'ombe wangu asingeliwavuta, wakiwamo wa Mombasa na hata wa Muscat. Lakini hoja hii hunitosha mchana tu.

Mwezi Septemba tulipita Voi na Taveta tukaingia Marangu. Horombo, mita 3,720, maji yalikuwa kama wembe, nami kifua changu si cha kuchezea. Nikatayamamu kwa vumbi la mlima, nikasali safari nikielekea kaskazini kama tunavyoelekea pwani. Mpagazi wetu, kijana mwenye viatu vilivyochanika, alitupita akiimba na mzigo kichwani. Sheria ya hifadhi humwekea mpagazi kilo 20 asizidishe. Nilitazama mfuko wangu wenye koti na chupa ya maji, nikaona haya. Niliahidiwa fedha kwa taabu ambayo nusu yake aliibeba yeye, na jina lake halimo daftarini.

Kibo, mita 4,720, fundi alishikwa na kichwa na kutapika, kiongozi akamkataza kuendelea. Watatu tuliondoka saa sita za usiku. Jua lilituchomozea Gilman, na mchana ulipopambazuka sawasawa nilisimama Uhuru, mita 5,895, miguu ikitetemeka. Theluji tuliyoisoma vitabuni imebaki vipande. Nilikaa dakika chache nikashuka.

Tulipokuwa njiani mwalimu alikumbuka kwamba tajiri mmoja aliahidi kununua mifereji yote ya mvua, kwa sharti wafike wote wanne. "Picha ni za gizani," akasema, "nani atahesabu?" Tulinyamaza mpaka Mariakani. Hatimaye fundi mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia tajiri kwamba yeye aliishia Kibo. Tajiri akakata robo. "Malenga," akaniambia mimi, "biashara ni biashara." Robo ile tukaijaza wenyewe.

Tangi limewekwa wiki iliyopita. Yule mama alikuja kulitazama, wala hakuuliza habari za mlima. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, likalia kama ngoma, kwa kuwa mvua za vuli bado hazijashuka. "Mifereji mmeifunga vizuri?" akauliza. Nikamwambia upande mmoja bado, fundi yuko juu ya bati.