VIFARANGA HAWAKUUAWA NA MAJI

Najua kurasa hizi umezizoea kwa visa vya mapenzi, mafumbo na sifa za timu yetu ya kandanda. Leo nimekuja na kero, na kero yenyewe imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nisipoitoa hapa sijui nitaitolea wapi.

Kuna mwenzetu wa kidato cha pili ambaye tangu muhula uliopita hana raha. Akiingia bwaloni wanafunzi wanalia kama vifaranga. Akipanga foleni ya uji anaulizwa, "Bwana Maji, leo unatuua sisi?" Watu wanacheka. Yeye naye anacheka kidogo, halafu anabeba kikombe chake na kwenda kunywa peke yake nyuma ya bweni. Klabu ya Wakulima aliiacha kitambo, na ndiye aliyekuwa hodari kutushinda sote. Kosa lake? Eti aliwanywesha vifaranga maji machafu wakafa.

Jamani, huo ni uongo! Mimi ni mwanachama wa klabu hiyo, nilikuwapo, na nitasema kweli hata kama kuna watakaonuna.

Mambo yalikuwa hivi. Tulinunua vifaranga wa nyama 200, wa siku moja, kwa shilingi 100 kila mmoja. Siku tano za kwanza walikuwa wazuri ajabu, wamenona, wanakimbiliana kama mipira ya pamba. Siku ya sita asubuhi tukakuta matandiko yameloa. Kinyesi kilikuwa majimaji, rangi ya manjano, kina povu, na ndani yake unaona punje za unga wa vifaranga vilevile zilivyotoka guniani. Wengine wamejikunyata karibu na jiko la makaa, manyoya yamewasimama, matako yamegandamana uchafu. Kufikia mwisho wa wiki ya tatu walikuwa wamekufa 43. Wengine zaidi ya 60 hawakufa lakini walidumaa. Ungeweka wawili wa siku moja kando kwa kando, mmoja ana ukubwa wa njiwa, mwingine haujazi mkono wangu, na mabawa yake manyoya yamechomoza ovyoovyo kama mwavuli uliovunjika.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mmoja akasema ni jicho la mtu. Mwingine akasema ni Gumboro. Wa tatu akauliza nani alikuwa zamu ya maji wiki hiyo, na basi, mbuzi wa kafara akapatikana.

Daktari wa mifugo alikuja siku ya Jumamosi. Wengi waliokuwa wakipiga domo hawakuwapo, walikuwa uwanjani. Aliwapasua watatu mbele yetu. Gumboro alisema siyo, kwa sababu Gumboro hushambulia zaidi kile kifuko kidogo kilicho juu ya tundu la kutolea kinyesi, na huwapata sana kuku wa wiki tatu hadi sita. Kifuko cha wetu hakikuwa kimevimba wala kuvuja damu, na tena wetu walianza kuugua wakiwa wa siku sita tu. Akachukua kinyesi kidogo akakitazama kwa darubini ya maabara yetu, akasema haoni vijidudu vile vya kuhara damu. Kisha akatuonyesha utumbo. Ulikuwa umepauka, mwembamba kama karatasi ya nailoni, umejaa maji, hewa na chakula kisichosagika. Akasema dalili zote zinaelekea kwenye ugonjwa wa virusi vya utumbo, vile viitwavyo rotavirusi, astrovirusi na jamaa zao, ambavyo mara nyingi huja kwa kundi, si kimoja kimoja. Kujua ni kipi hasa kungehitaji maabara kubwa, na fedha za kupeleka sampuli hatukuwa nazo.

Nilimwuliza inakuwaje kifaranga anakula na bado anadumaa. Jibu lake sitalisahau. Alisema utumbo kwa ndani ni kama taulo jipya, una vinyuzi vidogo vilivyosimama, na ndivyo vinavyofyonza chakula. Virusi hivi huingia katika ncha za vinyuzi hivyo na kuziua. Taulo linakuwa kipara. Chakula kinapita moja kwa moja, maji yanakimbilia nje, na kifaranga anakufa njaa na kiu huku mdomo umo ndani ya chakula. Mimi nilinyamaza kimya.

Sasa sikilizeni habari ya dawa, maana hapa ndipo tulipojiaibisha. Kabla daktari hajaja, sisi viongozi tulikimbia agroveti. Muuzaji hakuuliza umri wala idadi. Aliuliza kinyesi ni rangi gani, akatupa pakiti ya antibayotiki. Tukaitia kwenye maji. Siku tatu, hola! Tukarudi, tukapewa nyingine ya bei zaidi. Shilingi 1,800 zikaenda hivyo hivyo. Antibayotiki huua bakteria, haziui virusi. Hilo hata katika Biolojia tumefundishwa, tukaliandika daftarini, tukapata alama, tukalisahau mlangoni pa agroveti.

Najua kuna atakayesema, "Mbona wengine walipona baada ya dawa?" Walipona kwa sababu utumbo wa kifaranga mwenye nguvu huota tena vinyuzi vyake baada ya siku kadhaa, akiwa na joto na maji ya kutosha. Wangepona hata tungewapa maji matupu. Sisemi dawa hizo hazina kazi kabisa. Wakati mwingine bakteria huingilia utumbo uliokwisha kudhoofika, na daktari akiona hivyo ataandika dawa, na kuhara damu kuna dawa yake mahususi. Lakini aamue aliyepasua na kutazama. Na mkumbuke kuku hao huishia katika sufuria ya jikoni kwetu. Dawa ina siku zake za kungojwa kabla nyama haijaliwa, na nani kati yetu alizihesabu? Tukizoea kumwaga antibayotiki kila kuku akiharisha, bakteria nao watazizoea, na siku tutakapougua sisi hazitatufaa kitu.

Virusi vilitoka wapi basi? Hapa ndipo nitakapopata maadui. Kundi la kwanza la kuku tuliliuza siku ya Ijumaa. Mwalimu mlezi alisema banda lipumzike wiki mbili, matandiko yatolewe yote, sakafu ikwanguliwe, ioshwe na kupigwa dawa ya kuua viini. Virusi hivi ni sugu. Havina ule utando wa mafuta unaoyeyushwa na sabuni, kwa hiyo sabuni peke yake haitoshi, na vinaweza kukaa katika kinyesi kikavu muda mrefu vikingoja wageni. Lakini sisi tulikuwa na haraka. Tulitaka kuku wawe tayari kwa siku ya wazazi, tupate faida ya kujivunia jukwaani. Tukaitisha kura. Vifaranga wapya wakaingia Jumatatu, juu ya maranda ya zamani tuliyoyafunika kwa maranda mapya kidogo ili yapendeze. Kura ilipita kwa mikono yote. Mkono wangu ulikuwamo, tena ulikuwa wa kwanza.

Kijana wa maji hakuwa na kura. Alikuwa mwanachama mpya. Na maji aliyowapa aliyateka katika bomba lilelile la jikoni tunalonywa sisi. Kama yangekuwa na sumu, tungeharisha shule nzima.

Mweka hazina atasema kuacha banda tupu wiki mbili ni hasara. Mimi namwomba apige hesabu ya vifaranga 43 kwa shilingi 100, aongeze dawa za 1,800, kisha aongeze unga waliokula wale 60 waliodumaa bila kunenepa, halafu aniambie hasara ni ipi. Kwa rotavirusi na astrovirusi hivi, mfugaji hana chanjo ya kawaida ya kukimbilia kama ile ya kideri au Gumboro. Kinga yetu ni jembe, ndoo, na subira.

Katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao nitatoa hoja mbili. Ya kwanza ni ya zile wiki mbili za banda, na iandikwe katika kanuni za klabu ili kura isiweze kuifuta. Ya pili ni kwamba sisi tulioinua mikono tusimame bwaloni, wakati wa chakula cha jioni watu wote wakiwapo, tumwombe radhi mwenzetu kwa jina lake halisi. Nimekwisha kumwambia. Alitazama chini, akaniuliza kama funguo za banda bado ziko kwa mwalimu.