Kete Sawa kwa Kila Mchezaji: Ilani ya Wachezaji Kadi wa Nyakunguru

Sisi vijana, wazazi, walimu na wanafunzi wa Nyakunguru, wilayani Tarime, pamoja na wenzetu wa ng'ambo ya mto Mara katika wilaya ya Serengeti, tunaanzisha harakati ya mchezo wa kadi za kukusanya. Tunataka kwetu pawe mahali ambapo mtu anajifunza kuunda jozi yake ya kadi, anaitetea mezani mbele ya mwamuzi, na anashinda au kushindwa kwa hesabu zake mwenyewe. Tumeandika ilani hii ili kila atakayejiunga ajue tunasimamia nini, tunakataa nini, na kazi gani inamsubiri.

Mchezo tunaouzungumzia

Karata tunazijua. Kijiwe gani kimekosa jozi ya karata 52 zilizochakaa pembe, na watu wanaobishana nani katupa turufu mapema? Katika karata hizo wote tunagawiwa kutoka fungu moja, na kazi ya mchezaji huanza anapookota alizogawiwa. Kadi za kukusanya huanza mbali zaidi. Kila mchezaji huja na jozi aliyoiunda mwenyewe, kwa kuchagua kati ya mamia au maelfu ya kadi, na kila kadi ina gharama yake, nguvu yake na sharti lake. Sehemu kubwa ya pambano imekwisha kuchezwa kabla hajakaa kitini.

Mchezo uliofungua njia hii, Magic: The Gathering, ulitoka Marekani mwaka 1993, na aliyeubuni, Richard Garfield, ni mwanahisabati. Pokémon ilifuata huko Japani mwaka 1996, kisha Yu-Gi-Oh! mwaka 1999. Sheria zao za kuunda jozi ni fupi. Katika Magic jozi ya kawaida isipungue kadi 60, na kadi yenye jina moja isizidi nakala 4, isipokuwa kadi za msingi za ardhi, zile zinazolipia gharama ya nyingine. Pokémon hutaka 60 kamili. Yu-Gi-Oh! huruhusu kati ya 40 na 60, na nakala zisizozidi 3.

Ndani ya sheria hizo fupi ndimo darasa lilimo. Chukua jozi ya kadi 60 yenye nakala 4 za kadi unayoitegemea. Unaanza na kadi 7 mkononi. Uwezekano wa kuwa na angalau nakala moja kati ya hizo 7 ni karibu asilimia 40. Ukiweka nakala moja tu, unashuka hadi chini kidogo ya asilimia 12. Ukiacha nakala zako 4 lakini ukanenepesha jozi hadi kadi 80 kwa sababu umeshindwa kuacha kadi unazozipenda, unapata asilimia 31. Kila kadi ya ziada imekupunguzia nafasi ya kupata ile uliyoihitaji. Mwanafunzi wa sekondari anayelalamika kwamba hesabu za uwezekano hazina kazi, akae na jozi hiyo jioni moja aichanganye na kuigawa mara 20 huku akiandika matokeo. Ataziona zikifanya kazi.

Na kuna gharama. Jozi iliyojaa kadi kubwa tupu hukaa mikono mitupu raundi za mwanzo, adui akijenga. Iliyojaa ndogo tupu huwahi, kisha huishiwa pumzi. Mwenye kuunda jozi hupanga kwanza atafanya nini mzunguko wa kwanza, wa pili na wa tatu, ndipo aweke zile za kumalizia. Anajiuliza pia wenzake watakuja na nini. Kama wengi wanapenda kushambulia mapema, jozi inayozuia vizuri ina soko; wakihamia wote kwenye kuzuia, mlango unafunguka kwa yule anayejenga taratibu. Hakuna jozi iliyo bora milele. Ubora wake unategemea nani ameketi mbele yako mwezi huu.

Tunaamini

Tunaamini kwamba mchezo wa akili ni shule. Mkoa wetu wa Mara una ushahidi wake. Husimuliwa kwamba mtemi wa Ikizu, Mohamed Makongoro, aliona akili ya kijana Kambarage katika kucheza bao, akamshauri Mzee Burito ampeleke mwanawe shule. Mwaka 1934 kijana huyo akaanza masomo Mwisenge, Musoma, na Tanganyika yote ikaja kumjua kama Mwalimu Nyerere. Anayewaambia watoto kwamba kukaa kwenye mchezo wa kufikiri ni uvivu, aikumbuke habari hiyo ya nyumbani.

Tunaamini pia katika sheria ambayo bao limetufundisha bila kuiandika popote. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32: 10 zinapangwa mbele yake, 22 anabaki nazo mkononi za kunamua. Awe mfanyabiashara wa Tarime mjini au mchunga ng'ombe wa kandokando ya mto, ana 32. Hakuna duka linalouza kete ya thelathini na tatu. Mshindi wa bao akisimama, hakuna anayeuliza alitoa shilingi ngapi.

Kadi za kukusanya, kama zinavyouzwa duniani, zimeivunja sheria hiyo, na sisi tumekusudia kuirudisha.

Tunakataa

Tunakataa pambano liamuliwe na mfuko. Kadi nyingi za michezo hii huuzwa katika pakiti iliyofungwa, mnunuzi asijue ndani kuna nini. Kadi chache huwa adimu kwa makusudi ya mchapaji, na bei yake hupanda. Mwezi Januari 2021 nakala moja ya Black Lotus, kadi ya mwaka 1993, iliuzwa mnadani kwa dola za Marekani 511,100. Huo ni mkusanyo wa vitu vya thamani, na anayetaka kukusanya akusanye. Mashindano yetu hayatafuata njia hiyo. Mtoto wa mama lishe akikaa na mtoto wa mwenye nyumba za kupangisha, tunataka tuone nani amefikiri zaidi.

Tunakataa kamari ya kila namna. Tunajua kwa nini mzazi akisikia neno karata anakunja uso: wengi wetu tumeona karata tatu stendi, na nauli ya mtu ikiliwa kabla basi halijawasha. Tunajua pia vijana wanaokesha na mikeka ya kubeti, wakisubiri miguu ya watu wasiowajua Ulaya iwape chakula cha kesho. Tunaishi jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, na kwa miaka mingi hadithi za mtu aliyeamka tajiri zimesikika zaidi kuliko za mtu aliyejifunza kitu pole pole akakiweza. Hata Magic ilianza na sheria iliyoruhusu kila mchezaji kuweka kadi dau, mshindi akaichukua. Sheria hiyo iliachwa na kadi zake zikapigwa marufuku mashindanoni. Kwetu haitaingia hata siku moja. Mezani petu hakuna dau la pesa, la kadi, la soda wala la simu.

Tunakataa ukoo uwe sababu ya mtu kukaa au kutokukaa na mwingine. Na tunakataa mchezo uwe wa wavulana tu, huku dada zao wakihesabiwa kuwa wana kazi nyumbani.

Sanduku la wote

Njia yetu ya kusawazisha kete ni hii: kadi zitakuwa mali ya harakati, ndani ya sanduku moja, na jozi zitaundwa hapo hapo siku ya mashindano.

Sanduku litakuwa na kadi 360, pamoja na fungu la kadi za shamba ambazo ndizo zitakazolipia gharama. Wachezaji 8 huketi kuzunguka meza. Kila mmoja hupewa kadi 15, anachagua moja, zilizobaki anampa jirani wa kushoto. Anapokea 14 kutoka kulia, anachagua moja tena, mpaka ziishe. Fungu la pili la 15 huzunguka kulia, la tatu hurudi kushoto. Mwishoni kila mtu ana kadi 45 alizozichagua mwenyewe, na sanduku limekwisha: mara 8 inatoa 360. Katika 45 hizo atacheza na 23, ataongeza kadi 17 za shamba, na jozi yake ya 40 imekamilika. Kwa kipimo hicho, kadi 7 za mwanzo huwa na shamba takriban 3, zinazotosha kuanza bila kukwama.

Hapo hakuna aliyekuja na chochote. Anayejua kuchagua, anayeng'amua kwamba jirani wa kulia anaachia kadi za aina fulani, anayeweza kuacha kadi ya kupendeza kwa ajili ya ile inayokaa vizuri na wenzake, huyo ndiye atakayekuwa na jozi nzuri.

Na kadi zenyewe tutazitengeneza sisi, kwa Kiswahili, kwa karatasi ya manila, rula, kalamu na mikono ya wachoraji wetu. Hatutanakili kadi za mtu na kuziita halisi. Tuna ya kwetu ya kutosha. Kadi ya Nyumbu itakuwa na gharama ya 1 na nguvu ya 1, lakini kila nyumbu mwingine aliyepo mezani atamwongezea 1: peke yake si kitu, wakiwa watano wanatisha. Kadi ya Mamba wa Mara itagharimu 4, na haitashambulia kamwe. Itamla mnyama wa kwanza wa adui atakayevuka kuja kushambulia. Kadi ya Litungu, ala yetu ya nyuzi, haitakuwa na nguvu yoyote, ila itamruhusu mwenye nayo kurudisha mkononi kadi moja iliyokwisha kutumika. Tayari hapo kuna njia tatu za kuunda jozi: kuwahi kwa wingi, kungoja na kuzuia, na kuunganisha kadi dhaifu ziwe na nguvu pamoja. Kadi itakayoonekana kushinda kila siku itaitwa kikaoni, ijadiliwe, ipandishwe gharama au itolewe sandukuni.

Mashindano yatakavyoendeshwa

Tumezoea mtoano. Katika mtoano wa watu 16, wanane wanarudi nyumbani baada ya pambano moja. Kwa mtu aliyeamka alfajiri akatembea hadi hapa, huo si mchezo. Tutatumia mfumo wa Uswisi, uliotumika kwanza katika sataranji mjini Zürich mwaka 1895. Kila raundi, mwenye pointi hupangiwa anayelingana naye kwa pointi, na waliokwisha kukutana hawakutanishwi tena. Ushindi una pointi 3, sare pointi 1. Watu 8 wanahitaji raundi 3. Watu 16, kwa masanduku mawili, raundi 4. Aliyepoteza la kwanza bado ana sababu ya kukaa, na mgeni hukutana na anayelingana naye badala ya kupondwa siku nzima.

Kila pambano ni michezo mitatu, anayetangulia kushinda miwili ndiye mshindi, ndani ya dakika 50. Kabla ya raundi ya kwanza kila mchezaji ataandika orodha ya jozi yake na kumkabidhi mwamuzi. Atachanganya kadi zake mbele ya mwenzake, na mwenzake atakata. Tutaanza saa 3 asubuhi, na hata tukiwa 16 tutakuwa tumemaliza kabla ya saa 10 alasiri, ili msichana na mwanafunzi wa mbali wafike kwao jua likiwa bado juu.

Tunaazimia

1. Sanduku la kwanza la kadi 360 likamilike kabla ya shindano la kwanza, na kila mwanachama atengeneze kadi zake kwa kipimo kimoja.

2. Kiingilio kisiwepo. Zawadi iwe heshima ya jina kwenye daftari la harakati, na haki ya kubuni kadi moja mpya itakayoingia sandukuni.

3. Daftari liandike kila pambano: nani na nani, jozi za aina gani, matokeo gani. Mwanachama yeyote awe na haki ya kulisoma.

4. Uamuzi wa mwamuzi uheshimiwe mezani, na malalamiko yaletwe kikaoni baada ya raundi. Waamuzi wabadilishane, na kila mwaka angalau nusu yao wawe wanawake.

5. Anayejua amfundishe asiyejua. Aliyeshinda shindano awe mwalimu wa wapya hadi shindano linalofuata.

6. Atakayeleta dau mezani, hata la utani, asimamishwe. Atakayetia alama kadi za sanduku afutwe.

7. Wazee wa bao na mabingwa wa drafti waalikwe tangu siku ya kwanza. Wanajua kusoma mkono wa mtu na kuvumilia kimya kirefu, na tunataka watufundishe.

Wito

Kama umesoma mpaka hapa na umekubali, kazi yako ya kwanza iko wazi. Kata karatasi ya manila kwa sentimita 6 kwa 9. Chagua kitu kimoja unachokijua vizuri: mnyama, mti, chombo, hali ya hewa. Kipe gharama kati ya 1 na 6, andika sentensi moja isiyozidi maneno 20 inayosema kinafanya nini, kisha mpe mtu mwingine aisome. Akiielewa bila wewe kumweleza, kadi hiyo imefaa. Ilete. Tunahitaji 360, na mchezaji wa kwanza atakayeketi atashinda kwa kadi uliyoibuni wewe au atashindwa nayo.