Kajiado: Maji salama yatangulie meno ya kupandikiza

TANGU mwaka wa 1965, Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alipompandikizia mgonjwa wa kwanza meno kwenye mizizi ya titani, tiba hii imepiga hatua. Siku hizi kompyuta humwelekeza daktari mahali hasa pa kutoboa mfupa wa taya.

Hata hivyo, kwa wakazi wa Kisaju, suala kuu ni maji. Visima vingi vya Kajiado vina floraidi inayozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa wakati meno ya kudumu yangali yakijengeka ndani ya ufizi, huweza kuyaota yakiwa na madoa ya kahawia.

Kupandikiza humfaa aliyepoteza jino, tena kwa gharama kubwa. Kupima kila kisima na kuvuna maji ya mvua huwakinga watoto wote. Serikali ya kaunti ianzie hapo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.