MATOPE YA GODAUNI NA BUTI ZA KIBARUA



Kabla ya kucha ndugu zetu wa Kibera hufuata reli kwa miguu mpaka Industrial Area, na wa Kawangware huamka mapema zaidi kwani njia yao ni ndefu. Wako wanaokwenda mbele zaidi, Embakasi na Mombasa Road, kutafuta kibarua cha kutayarisha viwanja vya magodauni makubwa. Kawangware udongo ni mwekundu na mtulivu. Huko wendako ni ule mweusi: mvua ikinyesha unavimba na kunata, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingia mkono.

Juu ya udongo huo sakafu ya godauni haikai. Shehena hupangwa mpaka karibu na dari, na ardhi ikivimba upande mmoja saruji inapasuka. Kwa hiyo hapana budi kuuchimba na kuutupa mpaka ifikiwe maramu au mwamba, maji yatolewe kwa mitaro, kisha maramu imwagwe tabaka kwa tabaka, kama inchi 6 kila moja, inyunyiziwe maji kwa kiasi na kushindiliwa kwa rola. Pengine udongo huchanganywa na chokaa ili usivimbe sana, na chokaa hiyo huchoma ngozi na macho. Tingatinga hufanya sehemu kubwa. Pembe za msingi, mitaro na maji ya kuteka kwa debe ni za kibarua.

Je, kibarua huyo amevaa nini? Mara nyingi ni sandali. Nyapara humwambia aje na buti zake mwenyewe. Si kweli hata kidogo! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 101, yasema penye kazi ya majimaji mwajiri ndiye atoaye mavazi ya kinga, na viatu na glavu vikihitajika.

Tena Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi, au aliyepewa kazi isiyotazamiwa kwisha kwa miezi 3, ahesabiwe mtu wa mwezi. Ndiyo maana wengine huachishwa juma la tatu, wakaitwa tena baadaye kana kwamba ni wageni. Andikeni siku zenu katika daftari, kila jioni.

Uwanja wa ndege wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Walioutengeneza ni mahabusu wa Emergency, kwa sururu na karai, chini ya bunduki. Wale hawakuwa na mahali pa kukataa. Sisi tunapo.

Basi kesho, kabla mtu hajashuka katika mtaro wa msingi, kila kiwanja kichague mmoja wa kuuliza habari ya buti, na ya mbao za kuzuia kuta za mtaro zisiporomoke. Akijibiwa vibaya, jina la kontrakta aletewe katibu wa tawi jioni ile ile.