Sipriani wa Karthago na Mfuko wa Kanisa

Kiongozi wa dini anayetaka kujua sadaka za waumini zina kazi gani, na amsome Sipriani, askofu wa Karthago, mji wa Afrika ya Kaskazini ambao magofu yake yapo kando ya Tunis. Alikuwa tajiri na mwalimu wa ufasaha kabla ya kubatizwa mnamo mwaka 246. Alipoongoka aligawa mali yake nyingi kwa maskini, na haikupita miaka mitatu waumini wakamchagua kuwa askofu, ingawa mapadri kadhaa walimpinga.

Karibu na mwaka 252 gonjwa la kutisha liliingia mjini. Watu walizikimbia nyumba zao, na wagonjwa wakatelekezwa na jamaa zao wenyewe. Sipriani aliwakusanya Wakristo akawagawia kazi: mwenye fedha atoe fedha, asiye nazo atoe nguvu zake. Tena aliwaagiza wawahudumie hata wapagani, wale wale waliowahi kupiga kelele kwamba yeye atupwe kwa simba!

Agizo hilo ni zito. Kumlisha mtu wa jumuiya yako hakuhitaji imani kubwa. Kumwosha vidonda aliyekutakia kifo kunaihitaji yote.

Kisha zikaja habari kwamba wavamizi wamewateka Wakristo wa Numidia, jimbo jirani. Karthago ikachanga sesterti (sarafu za Kirumi) 100,000 za kuwakomboa, na Sipriani akazipeleka pamoja na orodha ya majina ya waliotoa, ili waombewe. Fedha haikulala kwa askofu hata kidogo. Basi mabaraza ya makanisa yetu yanapoketi kugawa mapato, mgonjwa na mfungwa watajwe kwanza, kabla ya gari na jengo, na waumini wasomewe hesabu waziwazi.

Wapo waliomwita mwoga, kwa kuwa Kaisari Decius wa Roma alipowatesa Wakristo mwaka 250, Sipriani alijificha, akaliongoza kanisa lake kwa barua. Shutuma hiyo haikumtendea haki. Mwaka 257, mateso yalipoanza tena, alipelekwa uhamishoni katika mji wa Curubis, na mwaka uliofuata akarudishwa kuhukumiwa. Safari hii hakujificha. Tarehe 14 Septemba 258 alikatwa kichwa mbele ya watu wake, baada ya kuwaamuru wampe aliyeshika upanga sarafu 25 za dhahabu.