Wakituita tribinali kwa sababu ya pori



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja alibaki na swali. Kikundi chao kinataka kuandikia sosiete inayokata miti upande wao, kuikumbusha masomo na santeri ya afya iliyoahidi. Barua iko tayari, lakini wengi wanaogopa kutia sahihi. Wanasema: « Wakitupeleka tribinali, avoka tutamlipa na nini? »

Hatukumcheka, kwa maana woga huo una sababu. Leo tunawasimulia habari ya watu wa mbali waliopitia jambo hilo hilo, kisha turudi kwetu.

Tasmania ni kisiwa cha nchi ya Australia. Mnajua mikalitusi, ile tunayopanda milimani kwa mbao na makala? Kwao asili yake. Kwetu ni mti wa kupanda na kukata. Kwao ni pori la tangu zamani, na mingine inapita mita 90 kwa urefu. Kampuni moja iliyoitwa Gunns ilikuwa ikikata misitu ile, ikisaga miti kuwa vipande vidogo na kuviuza hasa Japani, vitengenezwe karatasi. Wananchi wengi walipinga. Kuna walioandika, kuna waliosimama njiani mbele ya mashine, na kuna walioandikia wanunuzi wa Japani kuwaeleza miti ile inatoka wapi.

Mwezi wa Desemba 2004, Gunns ikashitaki watu na vyama 20 kwa siku moja. Ilidai dola za Australia zaidi ya milioni 6. Karatasi ya mashitaka ilikuwa na kurasa 216. Katika orodha alikuwemo seneta Bob Brown, alikuwemo Peg Putt, mbunge wa Tasmania, walikuwemo madaktari, na hata mama mmoja mwenye wajukuu.

Tufikirie karatasi hiyo inaingia katika nyumba yetu. Hata kama hatukukosa, tutalala? Kampuni inalipa avoka kutoka sanduku la kazi, kama inavyolipa mafuta ya magari. Sisi tunamlipa kutoka sufuria ya watoto. Ndiyo maana kesi ya namna hii inaweza kushinda kabla jaji hajasema neno: inatosha watu waogope na kunyamaza. Wanasheria wa Kifaransa wameipa jina la kitambaa kinachofungwa mdomoni.

Lakini watu wale hawakunyamaza. Walichangiwa pesa na wenzao, wakasimama pamoja. Mwaka 2005 jaji alikataa madai ya kampuni namna yalivyoandikwa, kwa kuwa hayakueleweka vizuri. Mwaka 2006 yakakataliwa tena. Gunns ikaanza kuwaachilia washitakiwa kidogo kidogo. Mwaka 2009 ilimaliza kesi na chama kikubwa cha watetezi wa pori, ikakubali kulipa dola 350,000 za gharama zao. Januari 2010 ikawaachilia wa mwisho na kuwalipa zaidi ya dola 150,000. Mwaka 2012 kampuni yenyewe ikaanguka kwa madeni. Tusiseme ni kesi iliyoiangusha. Ilikuwa na mizigo mingine mingi.

Tusiseme pia kwamba watu wale walishinda bila maumivu. Miaka mitano ya kuamka usiku na kuwaza nyumba, hakuna anayeirudisha. Jambo moja tu tunalishika: aliyekuwa peke yake na karatasi ile angenyamaza. Waliweza kwa kuwa walikuwa wengi.

Sasa turudi kwetu Kongo.

Barua ya yule mama si ya kuombaomba. Kode ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inaitaka sosiete inayopewa pori ifanye mapatano na wakaaji juu ya kazi za maendeleo: barabara, masomo, santeri ya afya. Kwa hiyo kwanza tuombe nakala ya mapatano yenyewe. Aliye na karatasi mkononi hauliziki « nani alikuambia? »

Pili, tuchunge maneno. Sheria yetu inamwadhibu anayemharibia mtu jina hadharani kwa nia mbaya. Tukiandika « ninyi ni wezi », tumewapa kamba ya kutufunga. Tukiandika « tarehe hii mliahidi vyumba sita vya masomo, na mpaka leo hatujaona hata tofali moja », tumesema yale macho yetu yaliyoona. Tuandike siku, mahali, na majina ya waliokuwepo.

Tatu, barua itoke kwa jina la kikundi na sahihi nyingi. Tutoe nakala, na moja irudi na muhuri wa kupokea. Ile tuifunge vizuri mbali na mvua na panya.

Nne, katika AVEC zetu tuna mfuko wa kusaidiana kwa ugonjwa na kilio. Tukubaliane mapema kwamba mwenzetu aliyeitwa tribinali kwa kazi ya kikundi naye atasaidiwa. Siku ya mwito si siku ya kuanza kubishana.

Na mwito ukifika? Tusiupasue, tusiufiche chini ya godoro. Asiyefika tribinali anaweza kuhukumiwa asiwepo. Siku ile ile tuwaambie wenzetu, kisha tutafute avoka. Baro ya maavoka ina ofisi ya mashauri ya bure kwa asiye na uwezo. Tena, tangu mwaka 2023 nchi yetu ina sheria inayowalinda watetezi wa haki za binadamu na kuwapa wajibu wao pia. Tumwombe avoka atueleze inatufaa namna gani.

Watoto wetu kalasini tunawafundisha kunyoosha mkono na kuuliza. Hatuwezi kuwafundisha hivyo asubuhi, kisha jioni waone mama zao wanaogopa kuuliza masomo yao yatajengwa lini.

Barua ya yule mama tuliisoma tena pamoja. Neno « wezi » lilikuwemo mara mbili. Tumelifuta, mahali pake tumeweka tarehe. Sahihi zilikuwa nne. Jana jioni zilikuwa kumi na moja.

Kikundi chenye barua kama hiyo kiilete siku ya mkutano, tuisome pamoja kabla ya kuituma.