Jiko Lisilo na Dirisha

Ni jambo la kusikitisha kwamba hapa Kinoru, mjini Meru, ningali naingia nyumba za kupanga ambazo chumba chake cha kupikia hakina dirisha. Mama yangu alipikia katika jiko lililosimama kando ya nyumba; moshi wa mafiga matatu ulipenya kati ya mbao ukaenda zake. Sisi tumelihamishia jiko ndani, tukalizungushia mawe na saruji, ilhali wengi wetu tungali tunapikia makaa, ambayo hewa yake ya sumu haina hata harufu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafu wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Walimu wa sayansi kimu, wafunzeni vijana kuchora jiko lenye madirisha mawili yanayoelekeana. Wenye nyumba watanung'unikia gharama, na wanung'unike.